Pafu Langu la Kulia Halijachelewa Popote

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Hospitali ya Kifua ya el-Sabil,
Ng'ambo ya Mashariki.

Kupitia: Dirisha la Malalamiko, ghorofa ya pili. (Stempu imeshabandikwa.)

Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri.

YAH: KUSINGIZIWA KWA PAFU LANGU LA KULIA NA MASHINE YENU MPYA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikikuombea pumzi ndefu wewe na wafanyakazi wako wote, pamoja na yule mlinzi wa getini ambaye hunikaribisha vizuri kila nikija.

Mimi naitwa Shazli Abulhamd, mkazi wa Naji el-Hagar, upande wetu wa mto. Umri wangu ni miaka sitini na sita, kazi yangu ni zumari. Kundi letu lina watu wanne, zumari tatu na ngoma moja, na mimi ndiye rayisi, yaani mimi natangulia na wimbo, halafu wawili wananishikia sauti moja ya chini ambayo haikatiki, wawe wamesimama, wanatembea au wanapanda ngazi. Nimekuwa rayisi kwa miaka arobaini na mmoja. Katika miaka hiyo hakuna bibi harusi wa Naji el-Hagar aliyetoka nyumbani kwao bila mimi kumtoa kwa zumari hadi mlangoni kwa mumewe. Waulize wanipendao na wasionipenda, watakwambia hivyo hivyo.

Alhamisi hii, siku tatu kutoka leo, anatoka Hanadi. Hanadi ni mjukuu wangu. Baba yake, mwanangu, alifariki binti akiwa na miaka minne, nikamlea mimi na bibi yake. Tangu utotoni alikuwa akipanda darini kusikiliza nikiwatoa mabinti wa watu, kisha ananiuliza zamu yake lini. Zamu yake ni Alhamisi. Na sasa hospitali yako imeniambia nisipulize.

Mimi si mtu wa kelele. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa shuleni, ili usipate taabu ya kuyatafuta.

LALAMIKO LA KWANZA. Nilikuja kwenu na kikohozi. Kikohozi tu, Mheshimiwa, na mluzi mdogo kifuani, ambao mke wangu, Bi Sabra, anadai huusikia kutoka jikoni, ila huyo husikia hata nisiyoyasema. Daktari wenu, Daktari Inas, binti mwenye adabu, akanisikiliza kifua kwa kile kipimo cha kuvaa masikioni, akanituma kwenye mashine mpya. Huko nikavuliwa kanzu, nikakalishwa kwenye kiti kisicho na mgongo, kisha fundi wenu, kijana Rimon, akanibandika mgongoni vinasa sauti vidogo, safu hii na safu hii, jumla thelathini na sita. Nilivihesabu. Kila kimoja kinajishika kwa kunyonya ngozi.

Nikarudi nyumbani. Shemeji yangu Abdelmoez, kaka yake Bi Sabra, ndiye mpiga chuku wa kijiji chetu, anayenyonya damu mbovu mgongoni kwa pembe. Kila mwaka, joto likianza, yeye ndiye huniumika mgongoni, na ni haki yake kwa undugu na kwa ujirani. Siku ile akanikuta uani ninanawa, akaona mgongo una viduara thelathini na sita vyekundu. Alivihesabu kwanza. Kisha akaniuliza ni mpiga chuku gani wa mjini nimemwendea kwa siri, na tena ni mjinga gani huyo asiyetoa hata tone la damu. Nikamweleza kuwa ni mashine inasikiliza mapafu. Akasema, "Shemeji, kama umenichoka sema tu, usinitungie mashine." Mpaka leo hajanywa chai kwetu. Alhamisi yeye ndiye mbeba taa wa msafara. Naomba hospitali itume barua kwake kueleza kwamba sikuumikwa.

LALAMIKO LA PILI. Rimon aliniambia, "Mzee, vuta pumzi, toa pumzi, kawaida tu kama unavyopumua kazini." Haya, nikafanya kama kazini. Huenda wewe hujui, Mheshimiwa, ila mpiga zumari kazini hasimami kuvuta pumzi. Mashavu yanatoa huku pua inaingiza, na wimbo haukatiki. Hiyo ndiyo kawaida yetu. Mimi naweza kwenda hivyo kutoka msikitini hadi kwenye pampu ya maji, na katikati nikamwitikia mtu salamu kwa nyusi.

Rimon akatazama kioo cha mashine. Akagonga mashine ubavuni. Akachomoa waya, akachomeka tena, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita wa tatu. Kumbe kwenye kioo mapafu yanatakiwa yaonekane kama wingu, linakuwa jeusi pumzi ikiingia, linafifia, linakuwa jeusi tena ikitoka. Langu lilikaa kijivu tu, linachezacheza katikati, halina mwanzo wala mwisho. Wakaniuliza kama nina kifaa chochote cha umeme mwilini. Nikawajibu nina ufundi. Basi wakanifundisha kupumua upya, watu watatu waliozaliwa nikiwa tayari rayisi. Vuta. Simama. Toa. Nikajiona mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nilivumilia kwa sababu Bi Sabra alikuwa amesimama mlangoni ameshika kanzu yangu.

LALAMIKO LA TATU. (Limefutwa. Bi Sabra amelisoma akasema halifai kupelekwa kwa watu wazima. Lilihusu ubaridi wa vile vinasa sauti.)

LALAMIKO LA NNE, na hapa ndipo maneno yanapoanza. Nilipopumua kama walivyotaka, picha ikatoka. Mapafu mawili, yanajaa na kufifia. La kushoto likaanza. La kulia likachelewa. Nililiona mwenyewe, sikatai, la kushoto limeshakuwa jeusi lote, la kulia ndiyo kwanza linapata rangi juu juu, na sehemu ya chini haikupata rangi kabisa. Picha hiyo ikarudiwa mara tatu mbele ya wanafunzi wa udaktari, watu saba, hata jina langu lililoandikwa juu halikufunikwa. Mmoja wao, mwenye miwani, akasema, "Lile la kulia limelala." Wenzake wakacheka kidogo kidogo, kwa adabu.

Mheshimiwa, pantoni ni moja. Aliyekuwa hospitalini kwako asubuhi ndiye anayevuka nasi jioni. Kabla sijafika Naji el-Hagar, habari ilikuwa imeshafika kwamba rayisi Shazli pafu moja limelala. Watu wa mkahawani wakasimama kunipisha kiti, watu ambao tangu niwajue hawajawahi kumpisha mtu. Mmoja akaniuliza kama naweza kumaliza glasi ya chai peke yangu.

Baba wa bwana harusi, Bwana Fakhri, akaja nyumbani na sahani ya tende na uso wa huruma. Akazunguka, akazunguka, mwisho akasema wamewaza, kwa kunihurumia tu, waite kijana wa mjini mwenye maspika makubwa manne. Hanadi alikuwa anaweka chai. Akaiweka, akasema kwa utulivu, "Mimi maspika siyajui. Nitatoka na babu au nitakaa ndani." Kisha akaenda jikoni. Bwana Fakhri akala tende zake mwenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini mashine imekosea, maana sikuja kulia tu. Katika kundi la zumari, rayisi anaanza peke yake. Wenzake wanangoja, wanamsikiliza, ndipo wanaingia. Anayeingia pamoja na rayisi ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo pafu la kushoto linatangulia na wimbo, la kulia linangoja kwa heshima ndipo linashika sauti ya chini. Miaka arobaini na mmoja nimeyafundisha hivyo. Mashine yenu imekuta mapafu yenye adabu, ikaandika ugonjwa. Nilimweleza Daktari Inas maneno haya, akayasikiliza yote, hakunikatiza hata mara moja, na akaandika kitu. Nilidhani anaandika kuwa nimeshinda.

LALAMIKO LA TANO. Kutegwa.

Nilimwuliza Daktari Inas, tangu lini sauti ikatazamwa? Sauti ina sikio lake. Marehemu daktari wa zamani wa hospitali hiyohiyo alikuwa akiweka sikio mgongoni kwangu, juu ya kanzu, anasema "haya, nenda," nami nilikwenda. Daktari Inas akajibu kuwa kwa kipimo cha masikioni anasikia mluzi, ila mluzi unazagaa kifua kizima na yeye hajui unaanzia wapi. Kwenye picha anaona upande gani hewa inazuiwa. Nikamwambia, na nakiri nilijisifu, kwamba mimi nikifumba macho, zumari hata kumi zikilia pamoja, nakuonyesha kwa kidole ni ipi iliyochelewa kwa nusu ya nusu ya pumzi.

Akasema, "Kweli, Haji? Hebu fumba macho."

Nikafumba. Akafungulia sauti kutoka kwenye ile mashine, mbili, moja baada ya nyingine, kisha zote pamoja. Nilidhani ni mabwana wawili fulani wa hospitali waliorekodiwa wanapumua, maana sauti zilikuwa za upepo mtupu. Ya kwanza ilikuwa safi, inaingia vizuri, inatoka vizuri. Ya pili, Mheshimiwa, ilinitia huruma. Ilianza nyuma ya mwenziwe. Ilikuwa inajivuta, inapita mahali pembamba, inapiga mluzi kama zumari iliyopasuka, halafu inakatika kabla haijafika. Mtu wa namna ile kwangu hashiki zumari. Nilisema bila kufumbua macho, kwa sauti, wote wakasikia: "Huyu wa pili mrudisheni kwao akatibiwe. Huyo ana kitu njiani."

Nikafumbua macho. Daktari Inas hakucheka. Akasema, "Wa pili ni pafu lako la kulia, Haji Shazli."

Je, hiyo ni haki? Mtu hashtakiwi kwa sikio lake mwenyewe. Hata mahakamani wakili angesimama. Mimi nilikuwa nimehukumu kama rayisi, sikuhukumu kama mgonjwa, na ile hukumu naiondoa hapa rasmi, kwa maandishi, yenye stempu.

LALAMIKO LA SITA ndilo la mwisho na ndilo kubwa. Baada ya kunitega hivyo, Daktari Inas akavuta kiti akakaa karibu nami, akasema kuna kitu kimeota au kimekwama kwenye njia ya hewa ya upande wa kulia, hajui ni nini mpaka aingize bomba jembamba lenye kamera akaone. Akanipangia Jumanne, ndiyo kesho. Nikamwambia Jumanne ni karibu mno na Alhamisi. Akasema ndiyo maana ameiweka kabla yake. Nikamwambia baada ya bomba nitapuliza Alhamisi. Akatikisa kichwa. Nikamwambia basi tuwahi harusi kwanza, bomba wiki ijayo. Hapo ndipo akasema neno ambalo nimekuwa nalo tangu siku ile, nikila liko, nikilala liko. Akasema, "Ukipuliza msafara mzima na hicho kitu ndani, Haji, ninachoogopa ni kwamba utamfikisha binti mlangoni, ila wewe hutarudi nao."

Mheshimiwa, hayo ni maneno ya kumwambia mtu siku chache kabla ya harusi? Nilipatwa na hasira, nikasimama, nikakohoa, nikakaa. Bi Sabra akasema nyumbani hatutamwambia Hanadi.

Kwa hiyo nasema wazi, na nimepiga mstari chini ya maneno haya: Jumanne sitakuja. Kitanda mpeni mwingine. Badala yake naomba yafuatayo, na nadhani utaona ni madogo.

Kwanza, hospitali itoe cheti cha mwenendo mwema kwa jina la pafu langu la kulia, chenye muhuri wa tai wa serikali, kinachosema kuwa limehudumu bila kosa lolote na kwamba kuchelewa kwake ni kwa heshima. Kiandikwe herufi kubwa ili Bwana Fakhri asome bila miwani.

Pili, kama cheti hakiwezekani, mashine iletwe Naji el-Hagar siku ya Alhamisi. Ivukishwe kwa pantoni, nitasema na nahodha wake aipishe mbele. Ibandikwe mgongoni kwangu juu ya ngozi, kanzu itapasuliwa nyuma, Bi Sabra atashona baadaye. Mimi nitapuliza kutoka mlango wangu hadi mlango wa Bwana Fakhri na kioo kibebwe mbele ya msafara na yule mwanafunzi mwenye miwani, watu wote waone. Picha ikitoka safi, mtaniomba radhi palepale na mtakula nasi bata na mkate wa jua, ule unaoumuka juani. Picha isipotoka safi, basi hiyo ni kazi ya matuta ya barabarani.

Tatu, na hili nalitoa kwa moyo mweupe, mashine hiyo bado ni changa, haijasikia watu wengi. Mnikabidhi mimi niifunze. Mwaka wa kwanza itabeba ngoma. Mwaka wa pili itakaa kimya isikilize. Mwaka wa tatu, Mungu akipenda, itaruhusiwa kusema nani kachelewa.

Nne, kama yote hayo hayawezekani, naomba wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uvue shati, ukae kwenye kiti kile kisicho na mgongo, watu saba wakuangalie, kisha picha yako ibandikwe kwenye pantoni. Hapo tutakuwa sawa na sitadai tena.

Sijaandika haya kwa chuki. Nakiri kwamba usiku nalala nimekaa, mito mitatu mgongoni, na kwamba wiki iliyopita kwenye harusi ya mtoto wa mwuza mafuta niliukata wimbo katikati nikajifanya natoa mkono kusalimia wazee. Wale wenzangu wawili walishika sauti ya chini peke yao mpaka nilipoweza kurudi, na hawakuniuliza kitu, wala sikuwaeleza. Lakini hiyo ni siri ya kundi na naomba isiingizwe kwenye faili.

Mwisho nifikishie salamu. Msalimie Daktari Inas, mwambie sina kinyongo naye, ana sikio zuri na angefaa ngoma. Msalimie Rimon, mikono yake ni baridi ila ni mpole. Wasalimie wanafunzi sita, na wa saba mwenye miwani pia, kwa shingo upande. Salamu kwa wauguzi wa ghorofa ya kwanza, kwa mama anayeuza chai kando ya geti, kwa nahodha wa pantoni endapo atavuka kwenu, na kwa kila mwenye kifua aliyelala humo, Mungu ampe nafuu. Bi Sabra anakusalimu. Hanadi angekusalimu, ila hajui kuwa naandika.

Ni mimi, niliyeonewa kwa picha na bado nina heshima kwenu,

Shazli Abulhamd,
Rayisi wa zumari,
Naji el-Hagar.

Nyongeza. Leo ni Jumanne asubuhi. Mwandiko umeharibika kwa sababu naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi zenu. Nilikusudia kuileta barua hii mwenyewe hadi dirishani, ghorofa ya pili, kisha nigeuke nirudi, lakini nimeishia ngazi ya tisa. Mlinzi atakuletea. Tafadhali soma haraka, au usisome kabisa, maana jana usiku Hanadi alikuja kukaa kando yangu, akaweka sikio mgongoni kwangu, upande wa kulia, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaniambia, "Babu, mimi nataka mtu wa kukaa mbele kwenye kiti Alhamisi. Zumari nitaingoja hata mwaka." Nikamkabidhi zumari, nikamwambia aifiche na asinionyeshe ilipo mpaka Daktari Inas aseme. Bwana Fakhri ameahidi hataleta maspika. Wenzangu wawili watashika sauti ya chini peke yao, bila wimbo, hadi mlangoni. Kwa hiyo naomba ile Jumanne niliyoikataa nirudishiwe, na mtu ashuke na kiti cha magurudumu. Bi Sabra yuko hapa na mfuko wa nguo. Sijala wala kunywa kitu tangu jana usiku, kama karatasi ya Daktari ilivyosema.